The Return of the Living Dead: Diski Ipi Ununue, na kwa Nini Uanze na Sauti

Barua ninazopokea kuhusu sinema za zamani za kutisha nyingi huhusu filamu moja, The Return of the Living Dead ya mwaka 1985, na malalamiko yake yanafanana: mtu ameagiza diski kutoka nje, amelipia diski, amelipia usafiri, pengine amelipia na ushuru, kisha anaketi kuitazama na kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa ingawa picha inang'aa. Msomaji mmoja wa Mombasa, aliyeijua filamu hii kupitia kanda ya VHS ya mjomba wake, aliniandikia kwamba yule maiti wa kwenye pipa "amebadilishwa koo". Alisikia sawasawa. Sauti ya maiti yule ilibadilishwa kweli, na diski aliyouziwa ni miongoni mwa zile zilizobeba badiliko hilo bila kumtahadharisha mnunuzi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na picha. Wanaopima diski kwa wingi wa chembe kwenye picha na ukolezo wa rangi ni wengi, na kazi yao wanaifanya vizuri. Mimi nitaanza na sauti, kwa sababu katika filamu hii sauti ndiyo kichekesho chenyewe.

Dan O'Bannon, ambaye dunia ilikwisha kumfahamu kama mwandishi wa Alien ya mwaka 1979, hapa aliongoza filamu kwa mara ya kwanza, kwa bajeti ya takriban dola milioni nne, na alifanya jambo ambalo sinema za wafu wanaotembea hazikuwa na desturi nalo: aliwafanya wafu waseme. Wafanyakazi wawili wa ghala la vifaa vya hospitali mjini Louisville, jimbo la Kentucky, wanafungulia kwa bahati mbaya gesi iliyokuwa ndani ya pipa la jeshi, na kuanzia hapo maiti wanaamka, wanakimbia, na wanaomba ubongo kwa maneno yanayosikika. Kuna zombi anayeshika redio ya gari la wagonjwa na kuagiza wahudumu zaidi waletwe, kana kwamba anaagiza chakula. Kuna nusu ya mwili wa mwanamke, umefungwa juu ya meza, uti wa mgongo ukining'inia na kujipinda, na mchoma maiti Ernie, anayeigizwa na Don Calfa, anamhoji kwa upole kwa nini wanakula watu, naye anajibu kwamba ubongo unawapunguzia maumivu ya kuwa maiti. Ukisikiliza tukio lile kwa makini utagundua kwamba karibu hakuna muziki unaokusaidia kucheka au kuogopa. Kuna sauti mbili tu, ya anayeuliza na ya anayejibu. Ukiichezea sauti, umelichezea tukio zima.

Na huyo wa kwenye pipa, aliyezoeleka kwa jina la Tarman, akiigizwa na Allan Trautman ndani ya vazi linalochuruzika kama lami, ndiye aliyeathirika zaidi. Katika sauti ya awali ana koo zito, la chini, linalotoka kama kwenye kisima. Kampuni ya MGM ilipotoa DVD mwaka 2002, sauti ya filamu ilitengenezwa upya, koo lile likabadilishwa, na sehemu ya muziki ikaguswa. Waliokuwa wakiitazama kwa mara ya kwanza hawakuwa na cha kulinganisha, na kwa namna hiyo kizazi kizima cha watazamaji kilimfahamu Tarman asiye na sauti yake.

Muziki nao una kesi yake. Filamu hii imejengwa juu ya nyimbo za panki na roki za makaburini: The Cramps, 45 Grave, T.S.O.L., Roky Erickson, The Damned. Wimbo wa Roky Erickson unapopigwa wakati mhusika Frank, anayeigizwa na James Karen, anapojiingiza mwenyewe kwenye tanuri, hakuna mtu aliyeona tukio lile anayeweza kulitenga na wimbo wake. Haki za nyimbo, hata hivyo, hununuliwa kwa masharti, na ruhusa iliyotolewa kwa ukumbi wa sinema au kanda haimaanishi kwamba imetolewa kwa kila diski itakayokuja baadaye. Kwa hiyo kampuni inayotoa filamu ya aina hii ina njia mbili: kurudi mezani na kujadiliana, au kuchomeka muziki mwingine na kunyamaza. Ninaowaheshimu ni wale wanaojadiliana na, wanaposhindwa, wakatamka wazi kwamba wameshindwa.

Hapo ndipo ninapofika kwa kampuni ya Scream Factory ya Marekani, na sitaficha kwamba nawapendelea. Mwaka 2016 walitoa toleo la Blu-ray la diski mbili, picha ikiwa imechukuliwa upya kwa ubora wa 2K, na pamoja na michanganyiko mipya ya sauti wakarudisha ile ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti, ambayo filamu ilionyeshwa nayo kumbini. Wimbo mmoja wa The Damned, Dead Beat Dance, haukuweza kurudi, na walilieleza jambo hilo mapema kabla watu hawajatoa fedha zao. Ukweli wa namna hiyo kwa mnunuzi ni adimu, na kwangu mimi una uzito kuliko kava la kupendeza. Toleo hilo lina pia nakala ya awali ya filamu kabla haijakatwa na kupangwa, yenye matukio ambayo hayakufika kumbini, ingawa picha yake ni hafifu. Na lina More Brains, filamu ndefu ya kumbukumbu kuhusu utengenezaji wake.

Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa toleo la 4K, yaani diski yenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, na hili ndilo naliweka namba moja. Sababu yangu kubwa ni ya kwetu sisi tunaonunua tukiwa Afrika Mashariki. Blu-ray za kawaida zimegawiwa kwa maeneo: Marekani ni eneo A, nasi Afrika tuko eneo B pamoja na Ulaya, na deki isiyofunguliwa, yaani isiyoondolewa kizuizi cha eneo, itaikataa diski ya eneo lingine hata kama umeilipia kwa uchungu kiasi gani. Diski za 4K hazina mgawanyo huo. Diski ya 4K iliyonunuliwa New York itacheza Arusha bila ubishi, mradi una deki ya 4K, au PS5 yenye sehemu ya kuingizia diski, au Xbox Series X. PS4 haichezi diski za 4K, hata ile ya Pro, na wauzaji wa vifaa vya michezo wanaosema inacheza wanakupotosha. Kumbuka tu kwamba diski za Blu-ray zinazoambatana ndani ya kasha zinaweza kubanwa na eneo A, kwa hiyo nyongeza zilizomo humo huenda usizione. Filamu yenyewe utaiona.

Namba mbili ni hilo la Blu-ray la 2016, kwa mwenye deki iliyofunguliwa maeneo yote. Kama deki yako haijafunguliwa, usiinunue kwa kutumaini kwamba fundi wa mtaani ataifungua. Deki nyingi za DVD hufunguka kwa kubonyeza tarakimu kwenye rimoti, lakini deki za Blu-ray ni ngumu zaidi, na nyingine hazifunguki pasipo kuongezewa kifaa ndani.

Namba tatu naiweka Blu-ray ya Second Sight ya Uingereza, iliyotoka mwaka 2012. Ni ya eneo B, kwa hiyo deki ya kawaida iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam itaipokea. Second Sight ni watu makini na nyongeza zao zimetayarishwa kwa mapenzi. Kwa mtu asiye na 4K wala deki iliyofunguliwa, hii ndiyo njia ya wazi.

Blu-ray ya MGM ya 2010 na DVD ya 2007 naziweka chini, na sababu ni hiyohiyo ya sauti. DVD ya 2002 inastahili heshima moja tu: ina maelezo ya O'Bannon mwenyewe akiwa na William Stout, msanifu wa mandhari za filamu, na kwa kuwa O'Bannon alifariki Desemba 2009, kumbukumbu hiyo haitarekodiwa tena. Lakini usilipie diski nzima kwa ajili ya hilo, kwani maelezo hayo yalichukuliwa na kuwekwa katika toleo la 2016. Nakala za kwenye flashi zinazouzwa madukani kwa bei ya soda sizijadili.

Kuhusu DVD za Ulaya kwa jumla kuna kasoro nyingine ambayo haiandikwi popote kwenye kava, nayo inaangukia kwenye sauti vilevile. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali DVD ya mfumo wa PAL huendeshwa kwa 25, na njia rahisi iliyotumika miaka yote ni kuikimbiza filamu. Dakika 91 za filamu hii zinageuka kuwa 87 na kidogo, na kama sauti haikurekebishwa, kila koo linapanda juu kwa kiasi ambacho mwenye sikio la muziki atakitambua mara moja. Maiti mwenye sauti nzito anakuwa mwepesi, na nyimbo za panki, ambazo tayari zina haraka, zinakimbia zaidi. Blu-ray zilizotajwa hapo juu hazina tatizo hilo.

Ukishaipata diski nzuri, kazi haijaisha. Mara nyingi diski hujiwasha yenyewe kwenye mchanganyiko wa 5.1, ambao umetandazwa kwa ajili ya spika tano na sabufa moja, na wengi wetu tuna runinga yenye spika mbili ndogo au tuna sabufa ya Kichina iliyounganishwa kwa waya mmoja. Mchanganyiko ule ukibanwa kuingia kwenye spika mbili, mazungumzo huzama chini ya muziki, na ndipo watu huongeza sauti kusikia maneno, kisha wimbo wa The Cramps unapoingia jirani anagonga ukuta. Nenda kwenye menyu ya sauti, teua mono, acha sabufa chini kidogo. Utasikia kila neno la yule mwanamke wa juu ya meza, hata pumzi kati ya maneno.

Picha, kwa waliosubiri niitaje: ya 2022 ni bora, ya 2016 ni nzuri sana, na zilizotangulia zinatazamika. Filamu ya bei ndogo iliyopigwa usiku na mvua haitakuwa kioo, wala haipaswi kuwa.

Sasa nigeukie wauzaji, maana sehemu kubwa ya barua ninazopokea hailaumu kampuni bali mtu wa katikati. Kwenye masoko ya mtandaoni muuzaji huweka picha ya kava la toleo la kifahari, kisha anatuma lolote alilonalo, na ukilalamika anakuambia filamu ni ileile. Filamu ni ileile kwa jina. Ndiyo maana nimeandika yote haya. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba bei inayotajwa ni ya toleo la juu. Wengine huandika "remastered", yaani iliyosafishwa upya, bila mwaka, bila jina la kampuni, bila eneo, na mnunuzi wa Mwanza au Kisumu hana duka la kwenda kuishika diski mkononi kabla ya kulipa. Toleo linapoanza kuadimika ndipo madalali wanapolikumbatia na kulipandisha bei mara mbili au tatu, wakijua kwamba anayeitafuta sauti ya awali hana pengine pa kwenda.

Wasafirishaji wa mizigo nao wana desturi ya kuvua kasha ili kupunguza uzito, wakakuletea diski ndani ya bahasha ya plastiki. Kwa filamu nyingine ningevumilia. Kwa hii, upande wa nyuma wa kava ndio ushahidi wako wa pekee wa sauti uliyoinunua, na diski iliyofika ikiwa uchi huwezi kuirudisha wala kuiuza kwa bei ya haki. Mwandikie msafirishaji mapema kwamba kasha ni sehemu ya mzigo, na kama kuna gharama ya ziada, iulize kabla mzigo haujaondoka bandarini.

Kwa muuzaji mwenyewe, ombi ni moja: picha aliyopiga yeye, ya nyuma ya kava, yenye mwanga wa kutosha kusoma maandishi madogo ya chini. Hapo utaona jina la kampuni, mwaka, herufi ya eneo, na orodha ya sauti. Kwenye orodha hiyo tafuta neno mono. Kama muuzaji anasema hana muda wa kupiga picha, fedha yako ibaki kwenye simu yako, kwa sababu diski za MGM za 2010 zisizo na wenyewe ziko nyingi, na anayejua thamani ya alichonacho hatakosa dakika moja ya kukuonyesha.