Miiko ya Arusha au fomu ya mali?

Azimio la Arusha la 1967, lenye miiko ya uongozi, lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Masharti makali, lakini hata mpangaji wa Mbagala, Dar es Salaam, aliweza kuyasimamia kwa kuuliza tu: nyumba ile ya nani? Miiko hiyo ililegezwa na chama tawala, CCM, katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake kwa fomu. Haimzuii kujitafutia, na hilo ni haki yake. Ila fomu haimfikishi kituoni Kimara alfajiri, watu wakigombania mabasi ya mwendokasi.

Mimi nachagua miiko. Anayepanga nauli yetu naye ailipe, angalau siku za kazi.