TAHADHARI: muuza "manyoya ya sili" wa mtandaoni, msimtumie hela

Jamani mnaofunga chambo cha manyoya, yani ndoano inayovishwa manyoya ifanane na mdudu, someni hii kwanza. Mimi nipo Mikindani, nafunga chambo za samaki aina ya trauti kwa wateja wanaovua mito ya Aberdare kule Kenya, na mwezi uliopita mmoja akataka zenye mwili wa manyoya ya sili, yule mnyama wa baharini. Nikapata muuzaji yuko Dar, picha safi, lugha tamu, nikamrushia 45,000, mzigo ukaja na basi nikaufuata stendi.

Usiku nakaa kuyasokota kwenye uzi wa kuzungushia ndoano, hayashiki. Napaka uzi nta ya nyuki, hayashiki. Nafanya kitanzi, yani uzi unaukunja mara mbili manyoya yanakaa katikati unaning'iniza kitu kizito unazungusha, yanachomoka moja moja yananidondokea mapajani. Nikamwambia, akanijibu kwa voisi, "Kaka, sili ndo alivyo, anateleza, jifunze kusokota kwanza."

Na hapo ndo anapowapatia watu! Maana ni kweli sili anateleza, manyoya yake magumu yanang'aa, hayashikani yenyewe kama ya sungura. Siku mbili nzima nikajua kosa ni langu. Lakini sili halisi ukimpa nta na kitanzi anakubali, au ukimchanganya na sungura kidogo tu yale laini yanayabana yale magumu.

Siku ya tatu nikachukua kiberiti. Nywele ya mnyama ikiungua inanuka nywele, inabaki jivu linalosagika kwa vidole. Hii ilijikunja ikayeyuka ikawa kitone cheusi kigumu, harufu plastiki tupu. Nikazitazama ncha kwenye mwanga, nene sawasawa mwanzo mwisho, wakati nywele ya mnyama inachongoka nchani. Ni rasta hizi za saluni, zimekatwakatwa na mkasi!

Halafu Marekani walishazuia bidhaa za sili tangu 1972, Ulaya nao wakabana biashara yake 2009, ndo maana wafungaji wengi siku hizi wanatumia manyoya ya mbuzi wa Angora na muuzaji mkweli anakwambia kabisa hii ni mbuzi. Huyu anasema sili anao wa kutosha, chukua hata pakiti ishirini.

Nilipomtumia video ya kiberiti akanibloku, hela ndo imeenda. Pakiti bado ninayo, aliyeko Mtwara mjini apite Mikindani nimuoneshe, nimeiweka pamoja na manyoya ya sungura alinganishe kwa mkono wake.