Spika za mlangoni za Toyota IST na wufa za zamani za nyumbani: uzoefu wangu

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, na karibu kila mwezi husafiri nalo kati ya Tanga na Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 350 kupitia Segera na Chalinze. Mimi ni msikilizaji wa taarabu ya zamani, ile ya ganuni, udi, fidla na akodiani. Spika zilizokuja na gari kutoka Japani zilikuwa zimechoka kiasi kwamba ganuni ilisikika kama kijiko kinachogongwa kwenye bati, na dumbaki, ile ngoma ya taarabu, haikusikika kabisa. Redio yenyewe nilikuwa nimeshaibadilisha mapema, kwa kuwa redio za magari ya Kijapani ya miaka ile hushika FM ya kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Zikawa zimebaki spika. Naandika haya baada ya miezi minane ya kutumia spika mpya, masika moja ikiwa imepita katikati, kwa sababu nilipoteza fedha mwanzoni kwa kutojua mambo ambayo mtu angeweza kunieleza kwa dakika kumi.

Jozi ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000. Katoni iliandikwa wati 1,000 kwa herufi za rangi ya dhahabu, na kijana wa dukani akanihakikishia: "Dada, hizi zinatingisha mpaka vioo." Nilizigeuza nikaona nyuma kuna sumaku kubwa nyeusi, nikaridhika, maana niliwahi kusikia kwamba spika nzuri hujulikana kwa sumaku. Wiki ya tatu moja ikaanza kukwaruza kila sauti ilipopanda. Nilipoifungua mlangoni niligundua kwamba ile nyeusi niliyoidhania sumaku ilikuwa inazunguka ukiisukuma kwa kidole. Nikaingiza bisibisi ukingoni, likabanduka ganda la plastiki, na ndani yake kulikuwa na sumaku yenye upana wa kifuniko cha chupa ya chai. Nafasi iliyobaki ilikuwa tupu. Dukani walikataa kuzipokea kwa maelezo kwamba nilishazifunga, nami sikuwa na risiti ya kusimamia.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni hazimsaidii mnunuzi. Zinazofaa kuangaliwa ni zile ambazo spika inaweza kuzibeba mfululizo bila kuungua, na mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo, zikitajwa kama wati za RMS au wati za kawaida. Jambo la pili ni kwamba redio ya gari isiyo na amplifaya (kikuza sauti) ya pembeni haina nguvu hizo tunazozidhania. Umeme wa gari injini ikiwa inawaka ni volti 14.4 hivi, na spika nyingi za gari zina ukinzani wa ohmu 4. Ukipiga hesabu, volti hizo haziwezi kuzaa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika, na kwa kweli hupungua zaidi. Kwa hiyo redio iliyoandikwa "50 mara 4" usoni mwake, yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne, inatoa chini ya nusu ya hizo kabla sauti haijaanza kuchanika.

Kama nguvu ni ndogo hivyo, basi kipimo chenye maana kwa mtu kama mimi ni kile kinachoonyesha spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ikipewa wati 1, ukiisikiliza kutoka mita 1. Kipimo hicho huandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 87 inahitaji nguvu mara mbili ya ile ya desibeli 90 ili zitoe sauti sawa, na inahitaji nguvu mara nne kuifikia ya desibeli 93. Nilikitafuta kipimo hicho kwenye katoni ya zile za wati 1,000 na hakikuwapo mahali popote. Siku hizi katoni isiyokuwa nacho naiacha dukani.

Jozi ya pili ilikuwa Pioneer TS-G1620F, za inchi 6 na nusu, zenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) katikati, nilizozilipia shilingi 145,000 kwa muuzaji aliyenipa risiti na kuniruhusu nizifungue palepale. Nazo zimeandikwa wati 300 kwa nje, lakini wati 40 za kawaida nazo zimetajwa wazi, na hizo ndizo nilizozifuata. Nilibonyeza koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, taratibu kwa vidole vinne, pande zote kwa usawa, nikasikiliza kama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma yake, inakwaruza ndani. Ilirudi kimya. Kisha nikajaribu kuizungusha sumaku. Haikusogea.

Sasa nifike kwenye ufungaji, ambao naamini una uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Fundi wa kwanza, yule aliyenifungia zile feki, alimaliza milango miwili kwa muda usiozidi nusu saa: skrubu mbili kila upande, spika imekaa mshazari, na upande wa juu umeacha mwanya unaopitisha kidole. Kwa hizi mpya nilikwenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni redio na spika. Kabla hata hajashika bisibisi aliniambia, "Mwanangu, teremsha kioo mpaka chini kabisa." Akaingiza rula kwenye tundu la spika mpaka ikagusa kioo, akajumlisha kipimo hicho na unene wa ringi ya mbao aliyokusudia kuiweka, akalinganisha na kina cha spika kilichochorwa kwenye karatasi ya maelezo. Kumbe watu wengi hufunga spika kioo kikiwa juu, halafu siku ya kwanza ya kukiteremsha kinagonga sumaku.

Spika za zamani zilikuwa zimeshikwa kwa ribiti, akazitoboa kwa drili na kuzibandua pamoja na fremu zake za plastiki. Mahali pake alikata ringi za plaiwudi ya milimita 18, akazipaka rangi, akazifunga kwa bolti na nati badala ya skrubu za bati, na kati ya ringi na mlango akaweka utepe wa sponji ili hewa isipenye. Soketi ya gari hakuikata. Alinituma nikanunue vipande vya kuunganishia vya Toyota, kwa maelezo kwamba waya wa kampuni ukishakatwa, kila fundi atakayekuja baadaye ataukata tena.

Kisha akanieleza kwa nini mlango ni sehemu ya spika. Koni ikisukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma, na hewa ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka hadi mbele, zile mbili huuana. Sauti zinazouawa kwanza ni za chini, yaani mdundo. Ndani ya mlango wa IST, nyuma ya kava, kuna matundu makubwa ya chuma yaliyozibwa kwa karatasi ya nailoni tu. Nailoni hiyo inazuia maji, lakini hewa ya mdundo haiizuii. Mzee aliibandua, akasafisha ile gundi nyeusi kwa petroli na kitambaa, akayaziba matundu kwa mikeka ya lami yenye uso wa karatasi ya rangi ya fedha, akiikandamiza kwa kifimbo cha kusukumia chapati mpaka ikashika kila kona. Kipande kingine alikipitisha nyuma ya spika, kwenye bati la nje. Matundu madogo ya chini ya mlango aliyaacha wazi, kwa sababu maji ya mvua yanayoingia kando ya kioo hutokea hapo, na ukiyaziba mlango unaoza. Baada ya kazi hiyo niliufunga mlango, na mlio wake ulikuwa umebadilika, mzito na mfupi, kama wa gari kubwa.

Mikeka, ringi na ujira vilinigharimu shilingi 110,000, kama robo tatu ya bei ya spika. Kama ningelazimika kupunguza gharama, ningechukua spika za bei ya chini kidogo zenye vipimo vya kweli, lakini kazi ya mlango nisingeigusa.

Tatizo lilijitokeza jioni ileile nilipokuwa narudi nyumbani. Mwimbaji alikuwa anasikika kulia na kushoto kwa pamoja, lakini katikati, pale ambapo sauti yake ingepaswa kusimama, palikuwa patupu, na udi ulikuwa mwembamba kupita nilivyotarajia. Nilirudi asubuhi. Mzee alichomoa betri ya volti 1.5 kwenye saa yake ya ukutani, akagusisha waya za spika ya kushoto, na koni ikaruka kwenda nje. Akahamia ya kulia, nayo ikaingia ndani. Chanya na hasi zilikuwa zimepishana upande mmoja, kwa hiyo moja ilikuwa inasukuma wakati nyenzake inavuta. Aliomba radhi, akageuza waya, na mwimbaji akahamia katikati ya dashibodi. Jaribio hilo la betri sasa nalifanya mwenyewe kwa kila spika ninayoigusa, na halichukui hata dakika moja.

Kitu cha mwisho kilikuwa kwenye redio. Nilichagua sauti zilizo chini ya hezi 80 zisipelekwe kwenye spika za milangoni, kwa kuwa koni ya inchi 6 na nusu ikilazimishwa kutoa mdundo wa chini sana inatikisika bure na kuharibu sauti za waimbaji. Watu hudhani kufanya hivyo kunapunguza mdundo. Kwangu uliongezeka, kwa sababu niliweza kufungua sauti zaidi bila kuchanika. Dumbaki sasa naisikia kidole kwa kidole, na akodiani haichomi masikio kama zamani. Sabufa, ile spika kubwa ya mdundo wa chini pekee, sikuweka, na kwa muziki wangu siihitaji.

Mafanikio hayo yalinipa ujasiri wa kugusa makabati mawili ya marehemu baba yaliyoko sebuleni, yenye wufa (spika kubwa za mdundo) za inchi 8. Sponji ya ukingoni mwa koni ilikuwa imegeuka unga. Joto na unyevu wa pwani huila sponji ya aina hiyo, wakati ukingo wa mpira hudumu zaidi. Nilifanya haraka nikanunua wufa mbili za gari za inchi 8, zikaingia kwenye matundu bila shida. Baada ya robo saa amplifaya ikapata moto na kujizima. Nyuma yake iliandikwa wazi kwamba inataka spika za ohmu 8, nami nilikuwa nimeifunga na za ohmu 4, zinazovuta umeme mara mbili. Hata ilipokuwa inawaka, mdundo ulikuwa wa kuvimba, noti moja ikipiga kelele kuliko nyingine. Sababu yake ni kwamba kabati na wufa hupangwa pamoja: ukubwa wa kabati kwa lita, na urefu wa bomba la hewa, hutokana na tabia za wufa yenyewe. Hesabu zake ziliwekwa wazi na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baadaye zikaendelezwa na Richard Small, na ndiyo maana vipimo hivyo huitwa kwa majina yao. Kuingia kwenye tundu hakutoshi.

Yule mzee wa Ngamiani alinishauri nizirudishe wufa za baba na kubadilisha sponji tu. Tulikwangua gundi ya zamani kwa wembe kwa saa nzima, tukaingiza vipande vya karatasi kuizunguka koili ili ikae katikati, tukabandika ukingo mpya na kuuacha ukauke mpaka kesho yake. Nilipochomoa zile karatasi nilishika pumzi. Nikabonyeza koni, ikashuka na kupanda bila mkwaruzo. Gharama yote ilikuwa shilingi 40,000 kwa wufa mbili, na sauti ni ileile niliyokua nikiisikia sebuleni mle.

Nikirudi kwenye gari, nina malalamiko mawili. Twita za spika hizi ziko chini karibu na miguu, kwa hiyo fidla hupungua ung'avu abiria akiweka miguu mbele ya spika. Anayetaka zaidi ya hapo afikirie seti yenye twita za kutenganishwa, zinazofungwa juu karibu na kioo. La pili linahusu ringi. Baada ya masika nilifungua kava la mlango wa kushoto kukagua. Spika ilikuwa kavu, mikeka imeshika, lakini ukingo wa chini wa plaiwudi, mahali ambapo rangi haikufika, ulikuwa umeanza kuvimba na kuachana tabaka. Mzee ameshanikatia ringi mpya mbili kutoka kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama. Ya kushoto imeshafungwa, ya kulia tunaifunga Jumamosi.