Gramu 160, 200 na 300: pakiti tatu nilizokatia kadi na karata

Nilinunua pakiti tatu za karatasi ngumu nyeupe, zote A4: gramu 160, 200 na 300 kwa mita ya mraba. Nilitaka kadi za kuandikia misamiati ya Kifaransa, na seti moja ya karata za kuchezea. Kichwani nilishaamua kwamba ile ya 300 ndiyo yenyewe. Ikaniumbua.

Ya 160 haina maneno mengi. Printa inaimeza bila shida, ila kadi zake ukizisimamisha kwenye kisanduku zinalala kama zimelewa. Ya 200 ndiyo niliyobaki nayo. Kadi inasimama wima, wino hautokei upande wa pili, na kadi mia hazifiki sentimita tatu. Nilifuta penseli mahali pamoja mara tano ndipo ikaanza kutoa manyoya.

Sasa karata. Hata zile za kiwandani uzito wake huwa karibu na gramu 300, kwa hiyo hesabu yangu haikuwa ya kijinga. A4 moja inatoa karata tisa za milimita 63 kwa 88. Karatasi sita, karata 54, yaani seti nzima na majokari wawili. Lakini nilipozipanga zangu 52 zilifika milimita 20, wakati seti yangu ya kiwandani ni 16. Uzito uleule, unene mbali! Zile zimeshindiliwa, zimepakwa ziteleze, na katikati zina gundi nyeusi ya kuziba mwanga. Zangu ukizichanga zinang'ang'aniana, na ukizipinda kidogo alama inabaki hapohapo. Mwenzangu akikaa na taa mgongoni mwake, ree ya shupaza naiona akiwa bado ameishika.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Karatasi ya sita niliikata kwa kuigeuza upande, nikapata karata nane na kukosa jokari mmoja. Hilo si kitu. Tatizo ni kwamba nyuzi za karatasi zina mwelekeo wake, kwa hiyo hizo nane zinapinda tofauti na wenzake. Sasa hata gizani nazijua kwa kidole, na hakuna anayekubali nigawe mimi.

Karatasi za 300 zilizobaki nimezikatia vigawanyo vya herufi kwenye kisanduku cha misamiati. Kwa kazi hiyo sina neno nazo.