Kubadilisha bati la ubavuni kwenye trela la kulala: nampa fundi nyota nne

Hapa Texas wenye matrela ya kulala, yale ya safari yanayovutwa na gari, huogopa mvua ya mawe. Langu liliharibiwa na tairi. Tairi lilipasuka nikiwa barabara kuu ya I-35 kuelekea Waco, mpira ukachapa ubavu juu ya gurudumu mpaka bati likachanika.

Ukuta wake ni mabati membamba ya alumini yenye mikunjo, yaliyopigwa pini kwenye fremu ya mbao. Gereji ya kwanza walitaka kubandika kiraka na kukizungushia silikoni. Nikakataa. Silikoni ikishazeeka haishikani na kitu, hata silikoni mpya, na maji yakipata upenyo yanateremka kwenye mbao kimyakimya hadi sakafu ianze kubonyea.

Niliyempata baadaye ni fundi anayekufuata nyumbani. Kabla hata ya kutaja bei aliingia ndani na kipima unyevu, akapima ukuta karibu na gurudumu. Mbao zilikuwa zimelowa, na tairi halikuhusika: maji yalikuwa yakiingia siku nyingi kupitia ule ukanda wa alumini unaofunika kona. Hapo nikamwambia aanze kazi.

Mabati haya yameshikana kwa kulabu, la juu likikaa juu ya la chini, kwa hiyo huchomoi la katikati peke yake. Alitoa kanda za kona, akatoa dirisha, akashusha mabati kuanzia juu. Mbao zilizooza akakata na kuunga mpya, sufi ya kuzuia joto iliyolowa akatupa. Kilichonifurahisha zaidi ni uvumilivu wake kwenye kona: alikwangua gundi yote ya zamani, akalaza utepe mpya wa butili, yaani mpira laini unaonata, kisha skrubu mpya. Butili hubaki laini, hivyo skrubu ikikazwa, butili inajipenyeza na kuziba tundu. Dirisha nalo akalifanyia vivyo hivyo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kusubiri. Mikunjo ya bati hutofautiana trela na trela, na kupata inayolingana kulichukua muda. Trela likakaa chini ya turubai huku meseji zangu zikijibiwa akijisikia. Rangi nayo haikulingana, jipya linang'aa na la zamani limepauka kwa jua, ila hilo alinionya mapema na mimi sijali sana.

Nililipa dola 1,400. Bati lenyewe ni sehemu ndogo tu, pesa inaenda kwenye kufungua na kufunga. Dhoruba za masika zimeshapita, nimepima tena, mbao ni kavu.

Kama ukuta wa lako ni wa faiba (fiberglass) bapa usio na mikunjo, usitegemee bei hii. Kule faiba imegundishwa kwenye plaiwudi nyembamba, na ukiona ukuta umevimba ujue maji yameshaachanisha gundi. Ulizia fundi anayeifanya kazi hiyo hasa.