Jogoo wa nukta: kakejiku niliyouziwa Kyoto

Nilishaapa sitaandika, lakini juzi nimeikunjua tena na damu imenichemka upya.

Nilinunua kakejiku, zile picha za Kijapani za kutundika ukutani zinazokunjwa kama mkeka, kwenye duka moja la Kyoto, karibu na soko la Nishiki. Jogoo mweupe katikati ya maua ya peoni. Nikamuuliza mwenye duka mara tatu: imechorwa kwa mkono? Mara tatu akajibu ndiyo, kwa mkono, juu ya hariri. Nikatoa yeni 38,000, pesa niliyoidunduliza tangu baridi ianze.

Kufika nyumbani nikaielekeza kamera ya simu kwenye undu wa jogoo, nikavuta karibu. Nukta! Nukta nyekundu na njano zimejipanga safu kwa safu kama picha ya gazeti. Jichoni, nukta. Brashi imegusa ncha za mkia tu, rangi nyeupe kidogo juu juu, ili ukipapasa uhisi kitu.

Imeniuma kwa sababu soko hilohilo ndiko kwao mchoraji Itō Jakuchū, aliyezaliwa 1716, mtoto wa muuza mboga. Alifuga kuku uani, akawatazama siku nenda siku rudi kabla ya kuwachora. Zile picha zake 30 za viumbe hai zilimla karibu miaka 10. Rangi nyingine alizipaka nyuma ya hariri zikapenya katikati ya nyuzi, ndiyo maana manyoya ya majogoo wake yanang'aa kutoka ndani. Halafu mimi nauziwa nukta, hatua chache kutoka hapo!

Nikarudi dukani. Mzee yule hata simu hakuitazama. Aliusukuma mkono wangu kwa ncha ya kalamu, akasema wageni hatujui kutazama picha, akaendelea na hesabu zake. Kwa kalamu, kama mtu anayesogeza uchafu.

Haki yake nimpe: kitambaa cha pembeni kimebandikwa vizuri mno, picha inaning'inia imenyooka, na sanduku la mti wa kiri ni zuri. Angeniambia ni ya kuchapwa ningeichukua kwa bei yake na kumshukuru. Nilikusudia kumpa nyota mbili. Lakini ile kalamu, hapana. Nyota moja, na ni ya fundi aliyebandika kitambaa, si ya mwenye duka.

Mkienda, tazameni undu kwanza, kabla hamjatoa pochi.