Meza ya kulia ya mwaloni kutoka karakana ya Waamishi, Ohio: uzoefu wangu

Meza hii niliiagiza kwa Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoishi kwa desturi za kale, huko Holmes County, Ohio: mwaloni mwekundu mtupu, upana sentimita 107, na mbao mbili za kurefushia. Tovuti usitafute. Simu ya karakana mara nyingi iko kwenye kibanda nje ya nyumba. Unaacha ujumbe, unapigiwa baadaye. Arbuni nusu ya bei, kwa hundi, na meza ikawa tayari baada ya wiki 14. Jumapili hawauzi, na Januari 6 na Sikukuu ya Kupaa pia unaweza kukuta pamefungwa.

Wengi hudhani kila kitu huchongwa kwa mkono. Sivyo. Wanachokataa Waamishi hasa ni umeme wa gridi (kila kanisa lina kanuni zake, mengine hukubali sola na betri). Injini ya dizeli hujaza tangi la hewa, na hewa hiyo iliyoshindiliwa ndiyo inayoendesha mashine za kukata na za msasa. Ndiyo maana viungo vimekaa sawasawa.

Kwa mbao sina neno. Ukichungulia chini unakuta mwaloni ule ule wa juu, si maranda yaliyoshikanishwa kwa gundi. Ila mbao halisi hutanuka na kusinyaa, na hapo ndipo watu wanapolalamika bure. Wakati wa baridi hita hukausha hewa ya ndani, uso wa meza unapungua upana. Pitisha kidole gumba ukingoni, utahisi kijingazi: ubao wa kichwani (ule uliokingama mwisho wa meza) umechomoza kama milimita 4 kila upande. Majira ya joto hewa ikipata unyevu, kijingazi hicho hupotea. Hiyo si kasoro. Kasoro ni ubao huo kupakwa gundi urefu wake wote, au skrubu za chini zinazoushika uso wa meza kupita kwenye matundu ya duara badala ya mianya mirefu. Uso ukikosa pa kusogea, unapasuka. Inama ukague hapo kabla ya kumalizia malipo.

Mbao za kurefushia zisikae kwenye chumba cha chini ya ardhi. Zangu zilivuta unyevu huko, pini za kuziunganisha zikagoma kuingia, ikabidi mbao zikae wiki kadhaa sebuleni ndipo zikarudi hali yake. Zilaze chumba kile kile chenye meza.

Vanishi yake ni ngumu, kikombe cha chai hakiachi alama. Lakini ikikwaruzika sana, tabaka jipya la vanishi halishiki vizuri juu ya lile la zamani bila kupigwa msasa kwanza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha papo hapo. Polishi yenye silikoni usiipake kabisa, maana itaikataa vanishi mpya siku ya kuirekebisha.